Mashine ikisimama ndo uiogope zaidi

Watu wengi wakisikia fulani kakatwa vidole kiwandani wanawaza kwamba mashine ilikuwa inakimbia, jamaa akasinzia, mkono ukaingia, basi. Mimi nimekaa kwenye viwanda vya plastiki miaka mingi, kwanza opereta, baadaye fundi wa kubadilisha moldi, yaani umbo la chuma linalofinyanga plastiki, na nilichokiona ni kingine. Ajali kubwa, zile za mtu kuondoka bila kiganja, kwa sehemu kubwa hazitokei wakati kazi inaenda vizuri. Zinatokea kazi ikikwama. Kipande kimenasa kwenye moldi, krasha ya kusaga mabaki imejaa haigeuki, filamu, ile karatasi nyembamba ya plastiki, imekatika inabidi ipitishwe upya kwenye rola, pua ya mashine imeziba na plastiki iliyoungua. Hapo mashine imesimama, au inaonekana imesimama, na mtu anapeleka mkono kurekebisha kitu cha sekunde tano arudi kwenye kazi yake.

Halafu akiumia inaandikwa uzembe wa mfanyakazi. Hilo linaniuma sana na ndo sababu ya kuandika haya yote, kwa hiyo nivumilie maana ni marefu.

Nianze na mashine ya injekshen kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo. Chengachenga za plastiki zinaingia kwenye hopa, zinashuka kwenye pipa la moto lenye skrubu kubwa ndani, zinayeyuka kuwa uji mzito, kisha ule uji unasukumwa ndani ya moldi iliyofungwa. Joto lake ni kama nyuzi 200 mpaka 300 kutegemea na aina ya plastiki, na presha ya kusukumia inaweza kufika baa 2000. Ili moldi isifunguke kwa presha hiyo inabidi ibanwe, na nguvu ya kubana inahesabiwa kwa tani. Mashine ndogo ni tani 50, za kati ni mia kadhaa, zile za kutengeneza bampa za magari zinapita 1000. Sasa weka kiganja cha mtu katikati ya yale mabamba mawili ya chuma, huhitaji maelezo zaidi.

Kuna mpangilio kwenye mashine unaofanya moldi imalizie kufunga taratibu kwa presha ndogo, ikikutana na kitu irudi nyuma, na nimekutana na watu wanaoamini huo utawaokoa. Haukuwekwa kwa ajili yako. Uliwekwa kulinda moldi, ambayo ni ghali, na sehemu nyingi umeshapandishwa presha na kuongezwa kasi ili kuokoa sekunde mbili kwenye kila mzunguko.

Waliounda hizi mashine walijua hatari, ndo maana kuna geti. Ukifungua geti la opereta, swichi inakata mwendo wa kufunga. Kwenye mashine za haidroliki kuna na vali inayobanwa na geti lenyewe, mafuta yasiende upande wa kufunga. Na nyingi, hasa za zamani, zina fimbo nene ya chuma inayodondoka ikazuia bamba lisisogee hata kama hivyo viwili vimefeli. Vizuizi vitatu na kila kimoja kinajitegemea. Kwa hiyo mtu akibanwa kwenye mashine ya aina hiyo huku geti hilo liko wazi, ujue vyote vitatu havikuwa vinafanya kazi, na vitu vitatu haviharibiki usiku mmoja. Swichi ilianza kusumbua, inasimamisha mashine bila sababu, fundi akaambiwa funga waya kwa muda, mashine idhani geti limefungwa, tukisubiri spea, spea haikuja. Fimbo ilikuwa inakwaruza, ikatolewa ikawekwa juu ya kabati. Vali ilivuja ikapigwa plagi. Kila moja ilifanyika mwezi tofauti, na watu tofauti, na kila mmoja alijua bado kuna vingine viwili.

Kuna rafiki yangu tuliyekuwa naye shifti ya usiku kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Alikuwa upande wa nyuma wa mashine anachokonoa kipande kilichobaki kwenye moldi, anatumia kijiti cha shaba kwa sababu chuma kinakwaruza moldi. Geti la nyuma lilikuwa wazi lakini swichi yake ilishafungwa waya, kwa hiyo mashine ilikuwa inajua limefungwa. Mbele alikuwepo opereta mwingine, mgeni kwenye ile mashine, akachungulia akaona kweupe, hakumuona mwenzake kwa sababu moldi yenyewe ilimziba, akavuta geti la mbele likafunga. Mashine ilikuwa kwenye nusu otomatiki, yaani ukifunga tu geti la mbele mzunguko unaanza. Ukaanza.

Mtu wa karibu akakimbilia kitufe chekundu cha dharura akakipiga, kama tulivyofundishwa wote. Pampu ikazima na moldi ikabaki imefunga mkono uko ndani. Kitufe kile kinakata nguvu, hakifungui moldi! Ilibidi kivutwe kirudi, pampu iwashwe upya, mashine iwekwe kwenye manyuali, yaani kuendeshwa kwa mkono hatua kwa hatua, ndipo ibonyezwe kufungua, na mtu aliyejua kuyafanya hayo kwa utulivu usiku ule alikuwa mmoja na alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Alikuja mbio. Yule rafiki yangu muda wote alikuwa anaongea, anatuomba tusimpigie mke wake simu, tumwache alale mpaka asubuhi. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia, kikabaki gumba.

Tangu pale kila opereta mpya aliyepita mikononi mwangu nimemfundisha kufungua moldi kwa manyuali baada ya dharura kabla sijamfundisha kitu kingine chochote, na nimegundua sehemu nyingi hilo halifundishwi kabisa. Wanafundishwa kuzima tu. Kuzima ni sawa, lakini mtu akiwa tayari yuko ndani ya chuma, kuzima peke yake kunamwacha humo.

Nije kwenye krasha, ile mashine ya kusaga mabaki na vipande vilivyoharibika virudi kuwa chengachenga. Hii ndo naiogopa kuliko zote kwa sababu watu wanaidharau, imekaa pembeni, anawekwa kibarua wa siku mbili ailishe. Ndani kuna rota nzito yenye visu, na visu vingine vimefungwa kwenye mwili wa mashine, vikipishana vinakata kama mkasi. Ukikata umeme rota haisimami palepale, uzito wake unaendelea kuizungusha, na kelele za kiwanda hazikuruhusu kusikia kama bado inageuka. Mashine nzuri ina loki ambayo hairuhusu mfuniko ufunguke mpaka rota itulie kabisa. Loki ikiharibika, mfuniko unafunguka tu, na mtu anaingiza mkono kwenye kitu kinachozunguka huku yeye anajua kazima.

Na hata ikitulia. Wakati wa kusafisha au kubadilisha visu rota inaweza kujigeuza kwa uzito wake, ukitoa kipande kilichokuwa kimeibana inaachia ghafla. Au mwenzako anazungusha puli kwa mkono ili akusaidie wakati vidole vyako viko kwenye kisu. Hapo umeme hauhusiki hata kidogo, waya umechomolewa ukutani, na kidole kinakatika vilevile. Dawa yake ni kufunga rota kwa kabari kabla hujagusa kitu, na visu vishikwe kwa glovu za kuzuia kukatwa huku rota imebanwa. Ila mashine ikiwa inazunguka glovu ni adui, kwa sababu inanasa na kuvuta mkono mzima. Watu wengi wanaambiwa vaa glovu basi, hawaambiwi wakati gani wazivue.

Kwenye rola ni hesabu tu. Mstari wa filamu unaokimbia mita 100 kwa dakika, na kuna inayozidi hapo, unasogea kama mita 1.67 kwa sekunde. Binadamu akishtuka anahitaji karibu sehemu 2 za kumi za sekunde kabla misuli haijaitikia. Katika muda huo rola imeshavuta sentimita 33, yaani kutoka ncha ya kidole mpaka katikati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ningewahi kuutoa, hakuna kuwahi hapo. Panapoingia filamu kati ya rola mbili zinazogeukiana pakiwa wazi, mkono ukigusa umekwenda, na ngozi inavuka kama soksi hata pale ambapo mfupa haujavunjika. Kwa kupitisha filamu ni mwendo wa kinyonga, kitufe cha kushikilia ambacho ukiachia mashine inasimama, na kamba au kiongozi cha kuvutia filamu badala ya vidole.

Marekani wana kanuni kabisa ya vinu na kalenda, yaani mashine za rola za kukanda na kusawazisha mpira na plastiki, 29 CFR 1910.216, inayotaka rola za kinu zikishatripu, yaani kukatwa kwa dharura, zisimame ndani ya umbali fulani kulingana na kasi. Ukiipiga hesabu, kinu kinachozunguka kama mita 30 kwa dakika kinatakiwa kisimame ndani ya takriban sentimita 4 za uso wa rola. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inapimika. Unachukua chaki, unaweka alama, unavuta fimbo ya kutripu, unapima. Kama imezidi mashine haifanyi kazi leo, hakuna mjadala wa nani mwangalifu na nani si mwangalifu.

Kuna majeraha mengine hayana kukatwa ndani yake ila yanalaza mtu hospitali wiki nyingi. Kutapisha pipa, pale unapobadilisha aina ya plastiki na kusukuma ile ya zamani itoke hewani. Uji unaweza kuruka, hasa kukiwa na unyevu au hewa iliyonaswa, au plastiki ikikaa muda mrefu kwenye joto ikaoza na kutoa gesi. Aina za plastiki za asetali na PVC ndizo za kuogopa zaidi, na zikikutana kwenye pipa moja ni balaa, zinaozeshana haraka na presha inapanda. Usisimame mbele ya pua, usichungulie kwenye koo la hopa, maana inaweza kurudi juu pia. Uji ukimrukia mtu unaganda kwenye ngozi ukiwa bado unaunguza, na kosa linalofanyika kila siku ni kuubandua palepale, ngozi inatoka nayo. Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 hivi, plastiki iachwe ilipo, madaktari wataitoa wenyewe.

Na mafuta ya haidroliki. Hose ikiwa na tundu dogo kama la sindano, mtu anapapasa kutafuta inakovuja, mafuta yanaingia chini ya ngozi. Linaonekana doa dogo halitoi hata damu ya maana, anarudi kazini. Baada ya saa chache mkono umevimba na ndani nyama inakufa. Hilo ni la upasuaji wa haraka siku hiyohiyo, na ukifika hospitali sema wazi kwamba ni mafuta yameingia kwa presha, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kuona kitundu akakupa dawa ya maumivu ukaenda nyumbani. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha kadibodi, mashine ikiwa haina presha kabisa ndo mkono uguse.

Sasa swali la kwa nini watu wanapita kwenye vizuizi ambavyo vipo. Ujerumani mwaka 2006 ulitoka utafiti wa taasisi za bima za ajali kazini ukaonyesha karibu asilimia 37 ya vizuizi vya usalama kwenye mashine za ufuaji chuma vilikuwa vimechezewa, kwa muda au moja kwa moja. Ni chuma si plastiki, na ni nchi yenye ukaguzi mkali, lakini sioni kwa nini upande wetu iwe afadhali. Vizuizi vyote hivyo haviwezi kuwa vimechezewa na wazembe tu. Mtu anachezea kizuizi pale ambapo kinamzuia kufanya kazi aliyopewa kwa muda aliopewa. Mzunguko ni sekunde 30, tageti imepangwa kwa sekunde 30 bila kuhesabu vipande vinavyonasa, supavaiza anapita na karatasi, bonasi inategemea idadi. Kila kunasa ukifuata utaratibu ni dakika kumi. Ukipita njia ya mkato ni sekunde tano. Hiyo njia ya mkato imejengwa na aliyepanga tageti, na yeye hana kidole chochote karibu na moldi.

Halafu kuna hili la kipande kinachonasa kila baada ya nusu saa. Hilo ni tatizo la moldi: pini za kutolea zimechoka, upoozaji hautoshi, pembe ya kuachia ni ndogo. Moldi ikitengenezwa, mkono hauna sababu ya kuingia. Nimeshaona moldi ikiachwa inanasa miezi kwa sababu kuitoa kwenda karakana kunasimamisha oda, na muda wote huo opereta ndo wanalipia tofauti kwa kuingiza mikono. Ukitaka kujua mashine gani itamkata mtu mwaka huu, uliza tu ipi inanasa sana. Opereta wote wanaijua.

Utaratibu wa kufuli upo na si wa kubuni leo. Kanuni ya Marekani ya kudhibiti nishati hatari ilitolewa 1989, na mamlaka yao ya usalama kazini, OSHA, inakadiria ikifuatwa inazuia vifo 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka. Kimsingi unazima, unakata umeme kwenye meni swichi, unafunga kwa kufuli lako mwenyewe ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwako peke yako, unaweka lebo yenye jina. Wakiwa watu watatu ndani, kufuli tatu. Kisha unatoa nishati iliyobaki: presha kwenye akumuleta, chombo cha kutunza presha ya mafuta, ambayo inabaki hata pampu ikizima, bamba la juu kwenye mashine za wima ambalo linaweza kushuka kwa uzito wake, rota ya krasha, hewa kwenye silinda, joto. Mwisho unajaribu kuiwasha uone kama inakataa. Hiyo ya mwisho ndo inarukwa kuliko zote, na ndo inayokuambia kama ulifunga swichi ya mashine yako au ya jirani. Kitufe chekundu si kufuli. Geti lililo wazi si kufuli pia, hasa kwenye mashine kubwa ambazo mtu mzima anaingia ndani na mwenzake anaweza kufunga geti nyuma yake.

Ikitokea kidole kimekatika kabisa, kitafuteni hata kama kimekwenda na mabaki. Kifungeni kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi kidogo au maji ya chumvi ya hospitali, kiingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko huo ndo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu, inaua tishu. Kidole kikipoozwa hivyo kinaweza kuvumilia saa nyingi, hata kufika 24, ila kiganja au mkono una misuli kwa hiyo muda ni mfupi mno, saa 6 bila kupoozwa ni kama mwisho. Mwaka 1963 huko Shanghai daktari Chen Zhongwei na wenzake walimrudishia mkono mfanyakazi wa kiwandani aliyekatwa na mashine, ukafanya kazi tena, kwa hiyo si ndoto. Ila kilichosagwa na krasha au kubanwa na tani mia mbili mara nyingi hakirudi, na familia isidanganywe.

Marekani kuanzia Januari 2015 waajiri walio chini ya OSHA wanatakiwa kuripoti kila mfanyakazi aliyekatika kiungo au kulazwa, ndani ya saa 24. Mwaka huo wa kwanza zilipokelewa ripoti 10,388, na kati yake 2,644 zilikuwa za viungo kukatika. Ni zaidi ya saba kwa siku, nchi moja, na hizo ni zilizoripotiwa. Ninapoisoma namba kama hiyo nawaza zaidi kilichoandikwa kwenye kila ripoti, kwa sababu najua ya rafiki yangu iliandikwaje. Iliandikwa mistari miwili, kwamba mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine bila kufuata taratibu. Waya kwenye swichi haukutajwa. Kesho yake asubuhi, kabla mkaguzi hajafika, swichi mpya ilishafungwa geti la nyuma, ile ile tuliyoambiwa haipatikani.

Kwa hiyo kama uko shifti ajali ikatokea, na majeruhi ameshapelekwa hospitali, usiende kulala kabla hujaandika ulichokiona kwa mkono wako mwenyewe, na upige picha kama unaruhusiwa. Mashine ilikuwa kwenye mpangilio gani. Geti lipi lilikuwa wazi, swichi yake ilikuwa na nini, waya huo umekaa tangu lini na nani wote walikuwa wanaujua. Kufuli zilikuwepo au hazikuwepo. Kipande kilikuwa kinanasa mara ngapi usiku ule, na tageti ilikuwa ngapi. Spea iliombwa lini, iliombwa kwa nani, na alijibu nini.